Spesa: Mwongozo kwa Mwenye Rimu Zisizokaa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kununua rimu. Ambaye hajanunua asiusome, utamharibia: atajikuta anapima kabla ya kulipa, na mtu akishazoea hivyo hana tena raha ya mjini. Tunazungumza na yule aliyezikuta Shaurimoyo, pale Ilala, zimepangwa ukutani, zimefutwa kwa mafuta ya taa mpaka zinarudisha jua, akauliza, "Hizi zinaingia kwenye IST?" Na muuzaji, macho kwenye simu, akajibu, "Zinaingia, bosi. Si kuna spesa."

Muuzaji hakusema uongo. Zinaingia. Hukumuuliza zitatokaje.

Hatua ya kwanza ni kujua umebeba nini nyumbani. Wengi huiruka na hatuwalaumu, maana ina hesabu. Stadi za kila habu zimepangwa kwenye duara, na duara hilo lina kipenyo chake. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007 ambayo ukisimama Mwenge dakika moja utaona msururu wake, ina stadi nne kwenye duara la milimita 100. Noah na Mark X zina tano kwenye milimita 114.3. Impreza za kawaida za miaka hiyo zina tano kwenye 100. Hilux za 4x4 zina sita kwenye 139.7. Namba hizo zenye nukta zinatisha bure, 114.3 ni inchi nne na nusu, na 139.7 ni inchi tano na nusu.

Rimu ya matundu manne hupimwa kirahisi: katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Matano hayatazamani. Hapo unapima kutoka tundu moja hadi lile la pili yake, ukiruka moja katikati, halafu unagawa kwa 0.951. Rimu ya 114.3 itakupa karibu 108.7 kwenye futi kabla ya kugawa. Mtu asiyegawa anaondoka na 108, anaambiwa hizo ni za Volvo, na anaanza kutafuta mwenye Volvo. Rimu ya 100 itakupa 95.1, na hiyo haina hata wa kusingiziwa.

Kama hesabu imekuchosha, kuna njia ya mkato inayopendwa sana. Rimu za Golf na Mercedes nyingi zina matundu matano kwenye milimita 112. Ukizileta hizo za Mercedes kwenye Noah, kila stadi itakuwa imekosea mahali pake kwa milimita 1.15 tu, unene wa kadi ya benki moja na nusu. Fundi mzoefu haiti hiyo tofauti. Atashika nati ya kwanza, stadi itainama kidogo kwa heshima, ataikaza ya pili, na ya tano itaingia kwa wili spana na neno la kumtia moyo. Hapo hata spesa hukununua, umeokoa pesa. Stadi iliyoinama haikatiki siku hiyo wala wiki hiyo. Inafanya kazi yake kimya kimya, ikiumia kila mzunguko wa tairi, mpaka siku umejaza ndugu unawapeleka msibani Mbeya, na kwenye mlima wa Kitonga inaomba kupumzika.

Basi tuseme wewe ni mtu wa taratibu, unataka spesa. Ziko nyembamba, sahani ya milimita tatu hadi tano au zaidi kidogo, inayochomekwa kwenye stadi kabla ya rimu. Ziko nene zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha zina stadi zake za kubebea rimu. Na ziko za kubadilisha matundu: upande mmoja manne ya IST, upande wa pili stadi tano za rimu ulizoziona Shaurimoyo. Hizi za mwisho ndizo zako, ila tusizipite zile nyembamba, kwa sababu zina udanganyifu wake mtamu.

Sahani ya milimita tano haionekani na mtu. Hata mama mkwe hataiona. Lakini milimita tano hizo zimetoka kwenye uzi wa stadi. Kanuni ya mafundi makini ni kwamba nati iume uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 inataka milimita 12 za uzi, na kwa uzi wa Toyota, unaopanda milimita moja na nusu kila mzunguko, hiyo ni mizunguko minane kamili. Izungushe nati kwa vidole na uhesabu kabla hujashika wili spana. Hesabu yako ikiishia kwenye nne, una mawili ya kufanya: ununue stadi ndefu, au uache kuhesabu. La pili ni bei nafuu.

Tuseme ukweli kidogo hapa, mwongozo usije ukaonekana una chuki. Spesa si uchawi. Porsche wenyewe wamekuwa wakiuza za milimita tano kwa magari yao, pamoja na bolti ndefu zinazolingana nazo. Ujerumani kuna viwanda kama H&R na Eibach vinavyozitengeneza kwa vipimo vya gari husika, na mnunuzi hupewa karatasi, kisha anapeleka gari likakaguliwe kabla halijaonekana halali barabarani. Watu wale hawajui starehe. Mtu amenunua kitu chake, amekifunga kwenye gari lake, halafu anapanga foleni mzee mwenye tochi aje amchungulie chini ya madigadi.

Sisi tuna Gerezani.

Gerezani hakuna kusubiri karatasi. Unakwenda na rimu moja mkononi na unamwambia fundi wa kuchonga unachotaka. Atakuuliza, "Unene gani?" Utajibu kwa kutenganisha kidole gumba na cha shahada. Atakubali kipimo hicho. Chini ya meza atatoa kipande cha aluminiamu ambacho hakuna anayejua kilianza maisha kama nini, pengine kifuniko cha injini kilichoyeyushwa na kumiminwa upya. Spesa za kiwandani zinazoaminika huchongwa kwenye aluminiamu ngumu ya daraja kama 6061-T6. Hii ya chini ya meza ina daraja moja tu, lililopo. Ataibana kwenye mashine, vyuma vitaruka vimejikunja, na baada ya muda utakuwa na duara safi la kupendeza. Kisha inakuja sehemu ya kutazama kwa makini: ataweka rimu yako juu ya duara hilo, achore matundu kwa ncha ya msumari, agonge alama kwa nyundo na sentapanchi, na kutoboa, mkono mmoja ukishika mpini wa dreli na mwingine ukipokea simu ya mteja wa Kigamboni. Tundu moja likitoka pembeni kidogo, usiseme kitu. Atalipanua. Nati ni pana, itaficha.

Tundu la katikati nalo atalipanua, "lisisumbue kuingia". Wewe mshukuru. Tundu hilo ndilo linalokaa juu ya kitovu cha habu na kuhakikisha gurudumu linazunguka kwenye kiini chake. Kitovu cha IST kina milimita 54.1, cha Noah 60.1, cha Impreza 56.1, wakati rimu nyingi za madukani hutobolewa 73.1 ili ziuzike kwa kila mtu, na hapo ndipo ilipaswa kuingia ringi ya kujaza pengo. Bila kushikwa katikati, gurudumu linaning'inia kwenye nati peke yake, na likikaa pembeni nywele moja, usukani utaanza kutetemeka ukigonga kilomita 90 kwa saa. Dawa yake ni balansi. Ukitoka na bado linatetemeka, rudi ukafanye balansi tena. Mwenye mashine ya balansi ana watoto wanasoma, na wewe sasa ni mmoja wa walezi wao.

Usisahau rangi. Spesa iliyochongwa haipendezi bila rangi nyekundu, tabaka mbili, na ukipenda gurudumu lilegee mapema, tatu. Nati hazibebi gurudumu kwa nguvu ya stadi kama wengi wanavyodhani. Zinaligandamiza kwenye habu, na msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaobeba gari, breki na kona. Rangi, kutu na udongo vikikaa katikati hupondeka taratibu, mgandamizo unapungua, na nati iliyokuwa imekazwa vizuri jana leo imelegea bila kuguswa na mtu. Fundi mnoko huanza kwa brashi ya waya, anasugua habu mpaka inatoa rangi yake. Ukimwona anafanya hivyo, mwulize kama ana kazi nyingine ya kufanya.

Halafu nati. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ndogo hutumia uzi wa milimita 12 kwa 1.5. Subaru na Nissan hutumia 12 kwa 1.25. Ukizitia kwenye kopo moja la maziwa, kama ilivyo desturi gerejini, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ya Subaru ikikutana na stadi ya Toyota itaingia kwa hiari mzunguko mmoja, pengine na nusu ya wa pili, kisha itagoma. Kugoma huko ni lugha. Fundi wetu anaitafsiri kwamba nati inataka bomba, anachomeka bomba la maji kwenye mpini wa wili spana, na nati inaingia mpaka mwisho ikichonga uzi wake mpya njiani. Itakaa. Siku ya pancha ndipo utajua imekaa kiasi gani.

Na rimu za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati yenye uso bapa na shingo, wakati rimu za madukani hutaka nati yenye mdomo wa koni. Tofauti hiyo tunaitaja tu kwa ajili ya kumbukumbu.

Kuhusu kukaza, kitabu cha Toyota ndogo nyingi kinasema nguvu ya 103, kwa kipimo kile cha niutoni na mita. Kwa lugha ya gereji ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo kumi na nusu kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Kuna spana maalumu inayotoa mlio ikifika hapo. Sisi tuna kijana wa kilo 80 anayesimama juu ya lile bomba na kuruka. Akisimama tu, bila kuruka, amekwisha kupita kipimo mara saba. Stadi iliyovutwa kiasi hicho imekwisha kunyooka zaidi ya uwezo wake wa kurudi, lakini kwa nje inaonekana imara, na bosi ameridhika.

Hatua inayofuata fundi atakwenda kula.

Wakati anakula, jumlisha. Gari lako lilitoka Japani na nati 16. Sasa lina 36: nne za ndani na tano za nje kwa kila gurudumu. Zile 16 za ndani ndizo zinazoshikilia spesa kwenye gari, na huzioni tena, zimelala nyuma ya rimu. Mtengenezaji yeyote wa spesa wa kuaminika atakuambia ukaze upya baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza, na anamaanisha zote, maana yake ni kuvua magurudumu manne, kukaza za ndani, kurudisha, kukaza za nje. Kwa kijana wa Dar hiyo ni safari ya kwenda Bagamoyo na kidogo ya kurudi. Hakuna anayefanya. Tumeandika hapa kwa sababu mwongozo lazima uwe na kitu cha kupuuzwa.

Sasa namba ya ET, ile iliyochongwa au kumiminwa mgongoni mwa rimu, mahali ambapo hakuna anayetazama kwa sababu mng'ao uko upande wa pili. Inaeleza uso wa rimu unaokutana na habu uko umbali gani kutoka mstari wa katikati wa upana wake. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo tairi linavyotoka nje. Spesa ya milimita 25 ikikutana na rimu ya ET 45, gari linaiona kama ET 20. Hapo ndipo gari "linakaa kibabe", tairi likiwa usawa wa fenda au limepita, na majirani wakitoka barazani.

Waliochora gari walipanga uzito uangukie karibu na beringi. Ukiusogeza nje sentimita mbili na nusu, beringi linabeba kwa kulazimishwa pembeni, saa zote, hata gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Ubungo. Litaanza kuvuma baada ya muda, sauti inayopanda na mwendo, na wewe utaongeza muziki. Usukani nao utakuwa mzito, na kila shimo la upande wa kushoto litauvuta kushoto, kwa sababu mahali tairi linapokanyaga pamehama kutoka mstari ambao gurudumu huzungukia linapokata kona. Matope utayaona kwenye vioo vya milango. Boljoi na bushi hazitasema kitu, zitaisha tu.

Fenda itasema. Fundi atajaribu gari likiwa tupu, yeye peke yake na funguo, atazunguka mtaa na kurudi akitabasamu. Jumamosi ukipakia watu wanne na gunia la mkaa kwenye buti, tuta la kwanza litatoa harufu ya mpira. Rudi gerejini: fundi ataingiza bomba la chuma kati ya tairi na fenda na kumwambia msaidizi asukume gari polepole, huku yeye anakunja ukingo wa fenda kwa ndani. Rangi ikipasuka, kuna jirani yake anapiga rangi.

Nairobi hali si tofauti sana, ila majina yanabadilika. Mwenye Impreza ya kawaida anatamani rimu za STI, lakini STI kuanzia modeli ya 2005 ilihamia kwenye 114.3, na yeye yuko kwenye 100. Anashauriwa spesa za kubadilisha matundu, anavaa, na kuanzia hapo hapendi tena kusikia habari za mizunguko ya nati.

Kwa haki, wapo wenye sababu. Land Cruiser ya familia ya 70, hizi tunazoziita mkonga, ilipowekewa V8 ya dizeli mwaka 2007 mbele ilipanuliwa ili injini ikae, nyuma ikaachwa vilevile. Kwenye Land Cruiser 79 ya V8 magurudumu ya nyuma yamekaribiana zaidi kwa milimita 95 kuliko ya mbele, kwa hiyo kwenye mchanga mzito ya nyuma hayapiti kwenye njia iliyotengenezwa na ya mbele, yanachimba yake. Waaustralia, ambao gari hilo ni ng'ombe wao wa shamba, wamelalamika miaka yote. Wengine huweka spesa nyuma na kukimbizana na sheria yao inayozikataa barabarani. Wenye pesa hubadilisha eksili nzima. Huyo ana tatizo la kweli na anatafuta suluhisho. Mwenye IST anayetaka rimu za Mark X alikuwa na suluhisho, akalipa pesa kupata tatizo.

Trafiki hatakusumbua sana, maana haoni nyuma ya rimu. Mkadiriaji wa bima ataona. Akikuta kipande cha chuma cha Gerezani kimekaa kati ya habu na rimu, chenye rangi nyekundu tabaka tatu, atapiga picha, na picha za mkadiriaji huwa hazimfaidishi mwenye gari.

Ukishalipia kuchonga, stadi, rangi, balansi ya kwanza na ya pili, kukunja fenda na beringi mbili za mbele, chukua kalamu uandike jumla. Ongeza bei ya rimu zenyewe. Usimwonyeshe mtu.

Na kama kuna asiyenunua bado ambaye amekaidi onyo la mwanzo akasoma mpaka hapa, basi ajue hili: rimu za Vitz, Passo, Probox na Starlet zina matundu manne kwenye milimita 100 na tundu la katikati la 54.1, sawasawa na IST. Zingine ni nzuri sana, na zimejaa mjini. Soma ET iliyo mgongoni, linganisha na ya rimu unayoivua, hesabu mizunguko minane, na urudi nyumbani.